Ziwa au vilima? Njia nne za safari ya baiskeli kwa anayetaka kuchagua

Anayepanga safari ya baiskeli ya siku kadhaa huuliza kwanza urefu wa njia. Kilomita ngapi? Jibu lake hupatikana haraka, na ndilo linalowapotosha wengi. Nimeendesha baiskeli yenye mabegi kando ya maziwa na katikati ya vilima, na sikumbuki siku niliyoangushwa na kilomita. Ziwani nilichoshwa na upepo. Vilimani nilichoshwa na gia ambayo sikuwa nayo.

Njia ninazozilinganisha hapa ni nne. Ya kwanza inazunguka ziwa Bodensee, linalopakana na Ujerumani, Austria na Uswisi: kama kilomita 260. Ya pili inazunguka ziwa Biwa, kubwa kuliko yote Japani: kama kilomita 200. Ya tatu ni mzunguko wa barabara za changarawe nyeupe za Chianti na vilima vya Siena, huko Toscana nchini Italia: kilomita 209. Ya nne ni njia ya Kongo-Nile nchini Rwanda, kando ya ziwa Kivu, kutoka Rubavu hadi Rusizi: kilomita 227. Ukizipanga kwa kilomita, Bodensee ndiyo ngumu kuliko zote. Miguu inazipanga vingine kabisa.

Hesabu kabla ya ramani

Chukua mlima wa kilomita 5 ambao baadaye unateremka kilomita 5. Unapanda kwa kilomita 6 kwa saa, unateremka kwa 40. Wengi hudhani wastani utakuwa kama 23. Sivyo. Kupanda kunakula dakika 50, kuteremka dakika 7 na nusu, na kilomita 10 zote zimekuchukua karibu saa nzima. Mteremko ni mtamu, lakini haukurudishii muda uliotoa, na nguvu nyingi uliyotumia kupanda inaishia kwenye upepo na kwenye breki.

Mimi huongeza kilomita moja na nusu kwa kila mita 100 za kupanda. Si kanuni ya kitabuni, ni makisio ya mtu mwenye mizigo, na mara nyingi yananifikisha kabla ya giza. Mzunguko wa Chianti una zaidi ya mita 3,000 za kupanda. Ongeza kilomita 45 juu ya zile 209 na tayari umepita 250, yaani unalingana na Bodensee nzima, na hapo bado hatujaihesabu changarawe.

Uzito nao. Kwenye tambarare, kilo 10 za ziada unazihisi unapoanza kuondoka, kisha karibu unazisahau. Mlimani hazisahauliki. Kama wewe, baiskeli na mabegi mna kilo 90 jumla, kuongeza kilo 10 ni kuongeza zaidi ya asilimia 10 ya kazi katika kila mita unayopanda, kutwa nzima. Ndiyo maana mtu anaweza kuzunguka ziwa na kiti cha kukunja na sufuria mbili, akafurahi. Akivipeleka vitu hivyohivyo Chianti, siku ya pili atatafuta pa kuviacha.

Sasa upepo, ambao watu wa vilimani huudharau. Ukienda kilomita 20 kwa saa na upepo wa mbisho nao ukaja kwa kilomita 20 kwa saa, hewa inakupiga kana kwamba unakwenda 40, na ukinzani wake unakuwa mara nne. Mabegi ya pembeni yanauzidisha, kwa sababu yamepanuka kama tanga. Mlima una kilele na unakiona. Mbisho hauna kilele.

Bodensee

Hii ndiyo njia ninayompendekezea mtu ambaye hajawahi kulala safarini na baiskeli yake. Ziwa hili lilichongwa na barafu ya bonde la mto Rhine, na kingo zake kwa sehemu kubwa zimebaki za taratibu. Vibao vya njia vipo kila njia panda. Reli inafuata sehemu kubwa ya kingo, feri zinakatiza ziwa, na miji imekaribiana kiasi kwamba ukipata pancha na huna tyubu unaweza kusukuma baiskeli hadi mji unaofuata.

Izunguke kwa mwendo wa saa. Katika nchi zote tatu magari hupita kulia, kwa hiyo ziwa litakuwa upande wako wa kulia na hutalazimika kuvuka barabara kila unapotaka kushuka majini. Feri ya kati ya Konstanz na Meersburg inavuka kwa kama dakika 15 na inafanya kazi usiku na mchana. Ile ya Friedrichshafen na Romanshorn huchukua kama dakika 40. Hizo mbili ndizo zinazoifanya Bodensee iwe na huruma. Siku ikiharibika unaipunguza njia papo hapo, bila kurudi ulikotoka.

Kasoro zake ni mbili. Kwanza, usitarajie kuliona ziwa muda wote. Kuna vipande virefu ambako njia inapita nyuma ya nyumba, kati ya miti ya matofaa, au sambamba na reli, na maji yako hatua mia tano nje ya macho yako. Pili, majira ya joto watu ni wengi: familia, wazee, watoto wenye baiskeli ndogo. Anayetaka kukimbia atakereka, na atawakera wenzake. Kumbuka pia kwamba Uswisi ina sarafu yake na haimo katika Umoja wa Ulaya, hivyo simu iliyokuwa ikifanya kazi vizuri Ujerumani inaweza kuanza kukutoza kwa namna nyingine mara tu unapovuka.

Kuna jambo moja la hapa ambalo natamani kila ziwa lingekuwa nalo. Kandokando ya Bodensee kuna taa za rangi ya chungwa za kuwaonya wenye mashua. Zikimeta mara 40 kwa dakika, upepo mkali unatarajiwa; zikimeta mara 90, ni dhoruba. Mwendesha baiskeli hazijawekwa kwa ajili yake, lakini ni nani mwingine atakayemwambia mapema kwamba saa moja ijayo atakuwa anapigana na mbisho? Nikiiona ile ya 90, naanza kutafuta paa. Upande wa mashariki, karibu na Bregenz, uangalie pia upepo wa kusini unaoshuka kutoka milimani kupitia bonde la Rhine. Ni wa joto na unaweza kukurupuka siku yenye jua.

Biwa

Mwaka 2019 njia ya Biwa ilikuwa miongoni mwa tatu za kwanza kutajwa rasmi kuwa Njia za Kitaifa za Baiskeli nchini Japani, na matunzo yanaonekana barabarani: mishale ya bluu imechorwa pembeni mwa lami, unaifuata bila kutoa simu mfukoni. Japani magari hupita kushoto, kwa hiyo hapa unazunguka kinyume cha mwendo wa saa ili maji yawe kushoto kwako. Ni mantiki ileile ya Bodensee, imegeuzwa tu.

Uzuri wake mkubwa kwa anayechagua ni daraja la Biwako Ohashi, linalovuka mahali ziwa linapokuwa jembamba. Daraja hilo linaigawa njia: ukiacha sehemu ya kusini yenye miji na msongamano, unabaki na mzunguko wa kaskazini wa kama kilomita 150. Ushauri wangu ni kuchukua huo wa kaskazini na kulala njiani mara moja au mbili. Wapo wanaomaliza kilomita zote 200 kwa siku moja na huo ni ushindi wao, lakini kwa mtu wa safari, ziwa lililozungukwa kwa siku moja ni ziwa ambalo hukulikalia hata saa moja.

Upande wa mashariki ni tambarare, mito imeleta udongo na kuusambaza. Kaskazini njia inainuka kidogo kwenye kingo zenye misitu, na hapo ndipo Biwa inapopendeza zaidi. Upande wa magharibi ndio wa kuwa macho. Milima ya Hira imesimama karibu na maji na upepo unaoshuka kutoka humo, Hira-oroshi, una sifa mbaya hasa mwishoni mwa Machi. Kwenye hekalu la Shirahige lango lake limesimama ndani ya ziwa na hekalu lenyewe liko ng'ambo ya barabara kuu; kila mtu anataka kusimama apige picha, na magari hayapungui. Shuka, sogea nje kabisa ya lami, ndipo utazame.

Jambo moja la kujiandaa: kwenye treni za Japani baiskeli kwa kawaida hufunguliwa au kukunjwa na kutiwa ndani ya mfuko wake. Mwenye keria, madigadi na mabegi manne atapata taabu. Biwa inamfaa mwenye mzigo mdogo.

Chianti na vilima vya Siena

Mzunguko huu ulitokana na Eroica, tukio la waendesha baiskeli lililoanza mwaka 1997 katika mji wa Gaiole in Chianti ili kuzilinda barabara za changarawe nyeupe zisimwagiwe lami. Leo njia ina vibao vya kudumu na unaweza kuipita mwezi wowote kwa siku unazotaka wewe. Mbio za waendesha baiskeli wa kulipwa za Strade Bianche, zilizoanza 2007 na zinazomalizikia uwanja wa Piazza del Campo mjini Siena, zinatumia barabara za aina hiyohiyo.

Ugumu wake hauko kwenye mlima mmoja mkubwa. Uko kwenye vingi vidogo visivyokwisha. Hakuna kilele cha kukipania. Unapanda dakika 12, unateremka 3, unapanda tena. Na ramani haikuambii waziwazi kwamba miji mingi ya huku ilijengwa juu ya vilima. Radda, Castellina, Montalcino, zote ziko juu. Kwa hiyo siku yako ya kilomita 60 inaisha kwa kupanda, wakati miguu imeshatoa kila ilichokuwa nacho. Mimi sasa huangalia kwanza mwinuko wa mahali nitakapolala kabla ya kuangalia njia ya kufika huko, na huhifadhi nguvu ya nusu saa ya mwisho kama anavyohifadhi mtu maji ya mwisho ya chupa.

Changarawe yenyewe inataka mikono laini. Kwenye mteremko mwembamba, mawe madogo yamekaa juu ya tabaka gumu kama shanga sakafuni. Ukiishika breki ya mbele kwa nguvu gurudumu linateleza kabla hujatambua. Punguza mwendo kabla ya kona, achia breki ndani ya kona, uzito wako uwe nyuma. Tairi zenye upana wa milimita 40 zinatosha. Za milimita 28 zinapita pia, na kila jiwe utalihisi kwenye viganja hadi usiku.

Lakini kuna kitu ambacho vilima vinakupa na ziwa haliwezi: kubadilika kwa mandhari. Kando ya ziwa, unachokiona saa tatu ndicho unachokiona saa sita, mwanga tu umesogea. Vilimani kila kilele kinafungua bonde jingine. Kusini-mashariki mwa Siena, kuelekea Asciano, misitu inaisha na unajikuta kwenye vilima vya udongo wa mfinyanzi, vitupu, vya kijivu baada ya mavuno na kijani kibichi mwezi Aprili. Nimepita pale nikiwa nimechoka sana na bado nikasimama. Nenda Aprili hadi Juni, au Septemba na Oktoba. Julai na Agosti jua linarudi kutoka kwenye ile changarawe nyeupe na kukupiga usoni mara ya pili.

Kivu

Hapa ndipo neno "ziwa" linapowadanganya watu, na ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote nne. Kivu iko ndani ya Bonde la Ufa, kama mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Mashariki yake umesimama mgongo unaotenganisha maji ya mto Kongo na ya mto Nile, na kutoka mgongo huo vijito vinashuka kwa wingi kuingia ziwani, kila kimoja kikiwa kimejichimbia bonde lake. Njia haina budi kuvivuka vyote. Inashuka hadi kijitoni, inapita daraja, inapanda upande wa pili, inakuonyesha ziwa kwa dakika mbili, inashuka tena. Ukitazama kwenye ramani utadhani unafuata ufukwe. Miguu itakuambia ni Chianti ya udongo mwekundu, na yenye hewa nyembamba kidogo kwa aliyezoea pwani.

Nilikwenda mara ya kwanza na gia ya mbele yenye meno 34 na kubwa ya nyuma yenye meno 34. Kila mzunguko mmoja wa pedali ni mzunguko mmoja wa gurudumu, kama mita 2 na kitu. Kwa mizunguko 60 kwa dakika hiyo ni kilomita 7 na nusu kwa saa, na kwenye mwinuko wa asilimia 10 ukiwa na mabegi huo ni mwendo wa mwanariadha. Sikuweza kuushika, nikawa nazungusha pole pole kwa kukanyaga kwa nguvu, na siku ya pili goti likaanza kuuma upande wa ndani. Safari iliyofuata nilikuwa na 30 mbele na 42 nyuma. Pedali zikazunguka kwa raha kwa kilomita 5 na kitu kwa saa, na goti halikusema neno. Tofauti ya safari hizo mbili haikuwa mazoezi, ilikuwa meno.

Msimu ni Juni hadi Septemba. Mvua ndefu za Machi hadi Mei zinageuza vipande vya udongo kuwa gundi. Udongo unapanda na tairi, unajaa kati ya tairi na madigadi, unajikandamiza, hadi gurudumu linagoma kuzunguka kabisa. Unashuka, unachokonoa kwa kijiti, unakwenda hatua hamsini, unashuka tena. Ikinyesha, vua madigadi na uyafunge juu ya keria. Tairi ziwe pana, milimita 50 hivi, na beba jozi ya ziada ya raba za breki, maana tope lenye mchanga linazila kwa siku chache. Jambo jingine la mabegi: Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, kwa hiyo ile mifuko tunayozoea kufungia nguo zisilowe iache nyumbani, uje na mifuko ya kitambaa kisichopitisha maji.

Hakuna feri ya kila saa kama ya Bodensee. Ila ipo barabara ya lami inayounganisha Rubavu, Karongi na Rusizi, na mabasi yanapita humo. Ukishindwa na udongo unapanda hadi lamini na safari inaendelea kwa sura nyingine. Wengi huigawa njia nzima kwa siku 5. Ukianzia Rubavu ziwa linakaa kulia kwako, na magari Rwanda hupita kulia. Na kwa msomaji wa Kiswahili kuna faida ambayo njia nyingine hapa hazina: Rubavu imepakana na Goma, Rusizi imepakana na Bukavu, na Kiswahili chako kitakufikisha kwa fundi, kwa mwenye chumba na kwa mzee aliyekaa njia panda. Kwenye njia ya baiskeli, kuweza kuuliza "hapo mbele kunapandaje?" na kuelewa jibu ni sawa na kuwa na gia moja zaidi.

Jioni, karibu na Karongi, simama juu ya kilima chochote kinachotazama maji. Wavuvi wanatoka na mitumbwi mitatu mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu, wanaimba wakipiga makasia, na sauti inapanda hadi ulipo kabla hujawaona.

Nani aende wapi

Mwenye watoto, au mwenye mwenzi asiyependa kupanda, aende Bodensee bila kufikiri mara mbili. Kama watoto ni wadogo sana, iko nyingine ambayo sikuiweka katika zile nne: ziwa Balaton nchini Hungaria, mzunguko wa kama kilomita 200, lenye kina cha wastani cha mita 3 tu. Ukingo wa kusini ni tambarare na maji ni ya kina kifupi, mtoto anaweza kuoga kila mchana. Vilima vimekaa kaskazini, unaviangalia kutoka ng'ambo bila kuvipanda.

Mwenye siku 2 au 3 na baiskeli nyepesi, Biwa ya kaskazini. Mwenye nguvu za mlimani ila hataki tope, Chianti, lakini apunguze mzigo hadi uumie kidogo kuupunguza. Anayetaka vyote viwili, maji na vilima, na aliye tayari kubadilisha gia kabla ya kuondoka, Kivu. Asiyetaka kubadilisha gia asiende Kivu na mzigo. Hilo nalisema kwa msisitizo, maana goti linachukua miezi kupona na gia hubadilishwa kwa nusu siku kwa fundi.

Kama bado unasita kati ya ziwa na vilima, pakia baiskeli mabegi yote utakayobeba, maji yakiwemo, uipeleke kwenye mlima mkali kuliko yote unaoujua. Panda kwa dakika 20 bila kushuka huku ukijaribu kuongea. Ukiweza kumaliza sentensi nzima, vilima ni vyako. Ukikatika katikati ya neno, rudi siku nyingine ukiwa na mzigo pungufu kwa kilo 5, upande mlima uleule.